Anajua Anachotaka Kusema

Mgeni anafika kumjulia hali mzee aliyetoka hospitali baada ya kupata kiharusi. "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za tangu juzi?" "Nzuri." Mgeni anafurahi, anawageukia wenyeji na kusema mzee amepona, mbona anaongea vizuri tu. Kisha anamuuliza mzee amekula nini mchana. Mzee anafungua kinywa, anakaza macho, analitafuta neno, na kinachotoka ni "sijambo" nyingine, au silabi isiyo na maana, au hakitoki kitu. Mgeni anaondoka akiwaambia watu njiani kwamba yule mzee akili imekwisha.

Salamu alizoitikiwa zilikuwa za kweli. Iliyopotoka ni hukumu yake. Salamu tunazozirudia tangu utotoni hazitungwi upya kila zinaposemwa. Zinatoka zenyewe kwa mazoea, na mara nyingi hubaki hata pale uwezo wa kutunga sentensi unapoharibika. Ndivyo ilivyo kwa kuhesabu moja hadi kumi, kutaja siku za juma, Alhamdu, Baba Yetu, wimbo wa kwaya, na hata tusi. Mtu anaweza kusoma Alhamdu mwanzo hadi mwisho bila kusita, na dakika hiyohiyo akashindwa kuomba maji ya kunywa.

Hali hii inaitwa afasia. Ni kuharibika kwa uwezo wa lugha baada ya ubongo kuumia, mara nyingi upande wa kushoto. Sababu kubwa ni kiharusi, ingawa ajali ya kichwa au uvimbe kwenye ubongo pia huileta. Takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi huanza nayo. Wapo wanaoelewa karibu kila kitu lakini neno haliji. Wapo wanaosema kwa wepesi, sentensi ndefu zenye mdundo wa kawaida, ila maneno yamechanganyika hadi hayana maana, na wenyewe hawajui kwamba hawaeleweki. Wapo waliopoteza kusema na kuelewa kwa pamoja. Kusoma na kuandika pia huathirika. Lakini mgonjwa hasahau wanawe ni nani, shamba lake liko wapi, nani alimdhulumu mwaka gani, wala hapotezi haya, upendo na hasira zake.

Makala hii inahusu vitu vinavyoweza kufanya kazi ulimi unapokwama: kalamu, karatasi, picha, vidole, ramani, kalenda ya ukutani, simu. Wataalamu huviita kwa jumla mawasiliano saidizi na mbadala. Ni saidizi kwa kuwa vinayaongezea nguvu maneno machache yaliyobaki, na ni mbadala kwa kuwa pengine vinashika nafasi ya maneno yaliyokwenda. Niseme mapema ninachokiamini: sehemu kubwa ya kazi hii ni ya yule asiye na afasia. Vifaa vyenyewe ni rahisi na vingi vimo ndani ya nyumba zetu tayari. Anayekosekana ni mtu aliyefundishwa kuvitumia, aliyekaa mbele ya mgonjwa na asiye na haraka.

VIDOLE VYA LEBORGNE

Historia ya afasia kama elimu ya udaktari huanzia Paris, Aprili 1861. Katika hospitali ya Bicêtre alikuwapo mgonjwa aitwaye Louis Victor Leborgne, mwenye umri wa miaka 51, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kusema ila silabi moja, "tan", aliyozoea kuirudia mara mbili. Wenzake wodini walimwita Tan. Mkono na mguu wake wa kulia vilikuwa vimepooza. Mguu huo ulipoanza kuoza, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji Paul Broca, na tarehe 17 mwezi huohuo akafariki. Broca alipoufungua ubongo alikuta jeraha sehemu ya mbele upande wa kushoto. Sehemu hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la daktari huyo, na ubongo wa Leborgne umehifadhiwa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha picha zake zilizopigwa kwa mashine ya MRI.

Kila mwanafunzi wa udaktari husimuliwa habari za ubongo ule. Habari za mkono wake hazisimuliwi sana. Broca aliandika kwamba alipomuuliza Leborgne amekaa Bicêtre miaka mingapi, mgonjwa alifungua vidole vyote vya mkono wa kushoto mara nne mfululizo, kisha akanyoosha kidole kimoja. Tano mara nne, ongeza moja: 21. Lilikuwa jibu sahihi kabisa. Siku iliyofuata daktari aliuliza tena, akapata jibu lilelile. Alipouliza mara ya tatu, Leborgne alitambua kwamba anafanyishwa mazoezi, akakasirika, akamtolea tusi ambalo lilikuwa karibu neno pekee jingine aliloweza kulitamka.

Ninampenda mtu huyu kwa hasira yake. Alikuwa na hesabu, alikuwa na kumbukumbu, alijua lini anaulizwa ili ajibu na lini anachezewa. Na alikuwa na njia yake ya mawasiliano mbadala, isiyogharimu hata senti, ambayo ilingoja mtu wa kumuuliza swali linaloweza kujibiwa kwa vidole.

Miaka 78 kabla yake, Juni 1783, mtunga kamusi Samuel Johnson aliamka usiku nyumbani kwake London akakuta sauti imekatika. Ili kujua kama akili yake ni nzima, alitunga kichwani dua ya beti za Kilatini. Baadaye aliandika kwamba beti hazikuwa nzuri sana, na kwamba aliweza kutambua kwamba si nzuri, na hilo likamtuliza. Kulipokucha akamwandikia jirani yake barua fupi kumweleza yaliyompata, huku mkono ukimponyoka na kuandika herufi asizozikusudia. Johnson alikuwa na bahati. Kalamu yake iliyumba lakini haikuvunjika, na usemi ulimrudia baada ya siku chache.

Wengi hawana bahati hiyo, na hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Tunamkumbuka Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyepoteza sauti mwaka 1985 na kuongea kwa mashine kwa zaidi ya miaka 30. Basi baba akishindwa kusema tunampa daftari tukimwambia aandike, au tunamchorea herufi A hadi Z ili azioneshe moja moja. Lakini ugonjwa wa Hawking ulikuwa wa neva zinazoendesha misuli. Lugha yake ilibaki kamili kichwani, kilichopotea kilikuwa njia ya kuitolea nje. Kwa mwenye afasia ni lugha yenyewe iliyojeruhiwa, kwa hiyo kumdai alijenge neno herufi kwa herufi ni kumrudisha palepale alipokwama. Hata lugha ya alama si jibu. Viziwi wanaotumia lugha ya alama nao, wakipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, hupoteza alama zao kama sisi tunavyopoteza maneno.

Kinachosaidia ni kuegemea vilivyobaki. Mara nyingi mgonjwa hutambua neno akiliona au akilisikia, ingawa hawezi kulileta mwenyewe. Hutambua sura kwenye picha. Hujua mahali kwenye ramani. Husoma uso na sauti ya anayezungumza naye, pengine kwa makini kuliko zamani. Mchukue hapo.

WALIOFUNDISHWA NI WENGINE

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Toronto nchini Kanada, mwanamke aitwaye Pat Arato, ambaye mumewe alikuwa na afasia, alianzisha kituo kwa ajili ya watu waliokwisha kuruhusiwa hospitali na kuambiwa hakuna zaidi la kufanya. Kituo hicho leo kinajulikana kama Aphasia Institute. Humo mtaalamu Aura Kagan na wenzake waliujenga mtindo wa mazungumzo ya kusaidiwa kwa watu wazima wenye afasia. Msingi wake ni sentensi moja ambayo mzungumzaji hufundishwa kuisema kwa kinywa na kuimaanisha: najua kwamba unajua.

Utafiti walioutoa mwaka 2001 unastahili kusimuliwa taratibu. Walichukua watu 40 wenye afasia ya wastani hadi kali, na watu 40 wa kujitolea wa kuzungumza nao. Nusu ya hao wa kujitolea walifundishwa mbinu za kituo. Nusu nyingine walipewa tu nafasi ya kuwazoea watu wenye afasia. Wagonjwa wenyewe hawakufundishwa chochote. Mazungumzo yaliporekodiwa na kupimwa, waliofundishwa walifanya vizuri zaidi katika kuonesha kwamba wanautambua uwezo wa mwenzao na katika kuutoa uwezo huo nje. Hilo lilitarajiwa. La kushangaza ni kwamba wagonjwa nao walibadilika: walishiriki zaidi, na habari walizotoa zilieleweka zaidi, ilhali ubongo wao ulikuwa uleule wa juzi.

Mimi naona utafiti huo ungetosha kuibadilisha wodi yoyote ya kiharusi. Ukimfundisha muuguzi, umemtibu mgonjwa kwa kiasi fulani. Ukimfundisha binti wa mgonjwa, umetibu zaidi, kwa sababu binti yuko naye asubuhi, mchana na usiku.

Chukua mfano wa nyumba ya uswahilini yenye vyumba vya kupangisha. Mwenye nyumba alikuwa fundi seremala. Kiharusi kimempooza mkono wa kulia na kumwachia maneno machache. Asubuhi moja ananyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni na kusema, "Ile... ile... kesho... ile." Watoto wanakimbilia kubahatisha. Choo? Chai? Unataka kukaa nje? Umeumwa na mbu? Kila swali linakuja kwa kasi na kwa sauti ya juu kuliko lililotangulia, kana kwamba tatizo ni masikio. Mzee anapiga mkono wa kiti. Mmoja anasema, mwacheni, ameanza tena.

Binti yake mkubwa anazima televisheni. Anavuta kigoda, anakaa mbele ya baba yake ili uso wake uonekane, anasema polepole lakini kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima kwa mtu mzima: "Baba, najua kuna jambo unataka kuniambia. Ngoja nichukue karatasi." Anaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, neno chini ya neno: MTU. KITU. MAHALI. PESA. Chini kabisa anaweka alama ya kuuliza. Anayasoma huku akiyagusa kwa kidole, kisha ananyamaza. Mzee anaangalia. Sekunde zinapita, nyingi kuliko tulizozoea kuvumilia. Kidole kinagusa PESA, kinatulia, kisha kinapanda hadi MTU.

"Pesa na mtu." Anaandika tena: TUNADAIWA. TUNADAI. Kidole kinagusa TUNADAI. Sasa binti anachora nyumba yao ilivyo, mistari tu: chumba cha mbele, fremu ya duka, chumba cha uani. Mzee anagusa chumba cha uani mara mbili. Binti anaishusha kalenda ukutani na kuiweka mapajani mwake. Kidole kinagusa Mei, kinagusa Juni. Binti anarudia yote kwa pamoja: "Mpangaji wa uani hajalipa mwezi wa tano na wa sita. Nimeelewa sawasawa?" Dole gumba la kushoto linapanda juu. Mpangaji alikuwa amepita mlangoni dakika chache kabla. Lile "kesho" halikuwa na uhusiano wowote na kesho. Lilikuwa neno lililokuja pasipo kuitwa, kama yanavyokuja mengi kwa mwenye afasia, na binti alifanya vyema kutolifuata.

Katika nyumba hiyo yenye watu wazima wengi, aliyekuwa anajua hesabu ya kodi ni yule waliyesema ameanza tena.

Mbinu aliyoitumia binti ya kuandika machaguo ilielezwa na kusambazwa na wataalamu wa Marekani, Kathryn Garrett na David Beukelman, tangu miaka ya 1990. Ina adabu zake. Machaguo yawe matatu au manne, si kumi. Yapangwe kwenda chini, yasirundikane mstari mmoja. Daima pawe na nafasi ya kusema "hamna humo", ndiyo kazi ya ile alama ya kuuliza. Bila hiyo unamfunga mgonjwa ndani ya mawazo yako. Mgonjwa asiyejua kusoma achorewe au aoneshwe picha na vitu vyenyewe: kikombe na sahani, noti ya elfu tano na ya elfu kumi. Na baada ya kila hatua rudia ulichoelewa ili akubali au akatae.

Kukubali na kukataa kwenyewe kuna mitego. Mwenye afasia anaweza kusema "ndiyo" huku akitikisa kichwa kukataa, kwa hiyo tumia karatasi yenye tiki kubwa upande mmoja na alama ya kosa upande mwingine, au dole gumba juu na chini, na umwangalie uso. Epuka swali la kukanusha. Ukimuuliza "Hujala?" naye akajibu "Ndiyo", je, amekula au hajala? Mtu mzima asiye mgonjwa ataongeza neno ukamwelewa. Yeye hana la kuongeza. Muulize "Umekula?" Saa nazo zina mtego: simu inaonesha 14:00 na sisi tunasema saa nane, kwa hiyo kwa miadi ya kliniki mchoree uso wa saa wenye mishale. Na akitaja tarakimu usiiamini kabla hujaiandika na kumwonesha. Namba huponyoka kwa urahisi sana, na kwenye dozi ya dawa kosa la namba ni hatari.

Wanaosema kwa wepesi maneno yasiyoeleweka wanahitaji njia tofauti kidogo. Kwao shida kubwa ni kukuelewa wewe. Unapozungumza nao andika neno kuu la kila jambo unalolisema, onesha kitu chenyewe, badilisha mada kwa kutangaza: "Sasa tunaacha habari za hospitali, tunazungumzia harusi."

DAFTARI LA MTU MMOJA

Hatua inayofuata ni daftari la mawasiliano. Hapa nina ugomvi mdogo na yale mabango ya picha za katuni yanayochapishwa kwa pamoja na kubandikwa wodini: glasi, kitanda, choo, uso unaolia. Yana kazi yake siku za mwanzo. Serikali ya jimbo la Aragon nchini Hispania inatoa bure kwenye mtandao maelfu ya alama za namna hiyo, ziitwazo ARASAAC, na yeyote asiyefanyia biashara anaweza kuzichapa. Lakini mtu mzima haishi kwa maji na choo peke yake. Ana shamba, kikoba, ndoa, timu ya mpira, mjukuu aliyefeli, jumuiya, deni, siasa. Watafiti waliolinganisha aina za picha wameona pia kwamba watu wenye afasia huzitumia vizuri zaidi picha halisi za maisha yao, zenye watu na mahali wanapopafahamu, kuliko alama zilizochorwa bila mazingira.

Kwa hiyo daftari la bibi wa Pangani haliwezi kuwa la mwalimu mstaafu wa Moshi. La bibi litakuwa na picha ya familia ya harusi ya mwisho, kila uso ukiwa na jina chini yake; ramani iliyochorwa kwa mkono ya mtaa, na nyingine ya wapi watoto wanaishi; picha ya soko na ya samaki anaowapenda; wenzake wa kikoba; mwili wa mtu, mbele na nyuma, wa kuoneshea panapouma; mstari wenye alama sifuri hadi kumi, kwa maumivu na kwa kupenda pia, maana anaweza kuulizwa posa ya mjukuu ameipokeaje. Ukurasa mmoja uwe wa historia yake: alikozaliwa, kazi alizofanya, picha ya ujanani. Wageni wakikosa la kusema, ukurasa huo unawapa, na yeye anaongoza mazungumzo kwa kidole. Muhimu kuliko vyote, achague mwenyewe la kuwekwa humo. Nimewahi kuona daftari zuri lililolala juu ya kabati kwa sababu aliyelitengeneza hakumuuliza mwenyewe hata swali moja.

Simu inafanya mengi ya hayo. Albamu za picha zikipangwa kwa mada ni daftari tayari. Mgonjwa anayeshindwa kuandika ujumbe anaweza kutuma WhatsApp picha ya dawa iliyokwisha, picha ya sufuria tupu, ramani inayoonesha alipo. Simu nyingi za Android huweza kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, hivyo sentensi zilizotungwa pamoja na familia zinaweza kuhifadhiwa humo na kubonyezwa dukani au wakati wa kumpigia simu dereva wa bodaboda. Huko ng'ambo zipo mashine na programu maalumu za afasia zinazouzwa kwa bei kubwa, na kwa baadhi ya watu zinaleta tofauti. Ila mashine haimwondolei mtu haja ya mwenzake. Wataalamu hutofautisha mgonjwa anayeweza kutafuta na kutumia ujumbe peke yake na yule anayehitaji mwenzake amwandalie machaguo. Ukimpa huyu wa pili simu ya milioni moja bila mwenzake aliyefundishwa, umempa kioo.

Huja pingamizi, na hutoka hata kwa wauguzi: akizoea kuonesha picha atakuwa mvivu, hataongea tena. Hofu hii inaeleweka, lakini ushahidi uliokusanywa hauiungi mkono. Kuonesha, kuchora na kuandika hakuzuii usemi kurudi, na mara nyingi neno hutoka pale shinikizo linapopungua, au mtu anapoliona limeandikwa. Kinachodhuru ni kungoja. Familia husubiri mwaka mzima maneno yarudi kwanza, na mwaka huo mtu ameketi pembeni, marafiki wamepungua mmoja mmoja, yeye mwenyewe ameacha kujaribu. Usemi hurudi kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, na huendelea kurudi kidogo kidogo kwa miaka. Vyote viende pamoja.

Mshairi wa Sweden, Tomas Tranströmer, alipata kiharusi mwaka 1990 akiwa na miaka 59. Upande wa kulia ulipooza, na alibakiwa na maneno machache mno. Ajabu ni kwamba shairi lake refu la mwaka 1974, Östersjöar, lina mtunzi wa muziki aliyepatwa na hali hiyohiyo na kuendelea kutunga. Tranströmer naye aliendelea. Alitoa vitabu vya mashairi mwaka 1996 na 2004, alipiga piano kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kwa miaka yote hiyo mkewe, Monica, ndiye aliyekuwa daraja kati yake na watu: alijua lile neno moja leo lina maana gani, kwa sauti gani, kwa jicho lipi. Ukisikia ushindi wa mume huyo, usiusahau ustadi wa mke.

KWETU

Afrika Mashariki ina kina Monica wengi wasio na mtu wa kuwaelekeza. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006, wilayani Hai na Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kiwango cha kiharusi, baada ya kusawazisha umri, cha wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa kikubwa kuliko cha nchi nyingi tajiri. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo linalotangulia katika visa vingi. Ukikumbuka ile theluthi moja, utaona ni nyumba ngapi zinaishi na afasia bila hata kulijua jina lake, na ngapi zimezunguka kwa waganga zikitafuta nani kamfunga mzee ulimi.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na wahitimu wake ni hazina ya ukanda mzima. Bado mgonjwa wa kijijini anaweza kuishi na kufa bila kukutana na hata mmoja wao. Ndiyo maana naona kuwafundisha wauguzi, watoa mazoezi ya viungo, wahudumu wa afya ya jamii, mashehe, mapadri na ndugu si jambo la kungojea hadi wataalamu watoshe. Mbinu za Toronto zilifundishwa kwa watu wa kujitolea, wasio wataalamu, na zilifanya kazi.

Haraka hii inatokana na kitu kimoja zaidi ya upweke, nacho ni mali. Baraza la familia likikaa baada ya kiharusi, mwenye mali huwa yumo chumbani akisikia. Hati ya kiwanja inaulizwa iko wapi. Namba ya siri ya akaunti ya simu inachukuliwa "ili imsaidie". Kidole gumba kinabonyezwa kwenye wino, kisha karatasini, na hakuna aliyeuliza kama amekubali. Mtu mwenye afasia anaweza kutoa ridhaa au kuikataa akielezwa kwa namna anayoielewa: picha ya kiwanja, picha za watoto wote, kalamu, tiki na alama ya kosa, swali lilelile likiulizwa tena kwa mpangilio mwingine siku inayofuata, mbele ya shahidi asiye mrithi. Kwa daktari anayeomba ridhaa ya upasuaji ni hivyohivyo. Kumgeukia mwanawe na kuuliza "mzee anasemaje?" wakati mzee ameketi hapo ni kumwondoa mtu ndani ya mwili wake.

Kwa anayetaka kuanza leo, aanze na kadi ya kubeba mfukoni. Vyama vya wenye afasia na kiharusi vya Marekani na Uingereza huwagawia watu wao kadi za namna hii, na hakuna kinachotuzuia kuziandika wenyewe kwa Kiswahili: "Nilipata kiharusi. Nina afasia. Ninaelewa mengi kuliko ninavyoweza kusema. Tafadhali sema taratibu, nipe muda, niandikie maneno makubwa. Niulize mimi." Ni ya kumwonesha konda, keshia wa benki, askari anayedhani mtu huyu amelewa. Nyuma iandikwe namba za simu za ndugu wawili, kwa kuwa mmoja anaweza asipatikane, na zitengenezwe kadi tatu au nne, moja ikae kwenye faili la kliniki juu ya karatasi zote, pale daktari wa zamu atakapoanzia kusoma.